Maharage yaliungua, moshi ukaingia hadi kabatini: namna tulivyoiondoa harufu bila kuifunika

Mleta uzi, Dar es Salaam

Ndugu wanajukwaa, nina jambo moja la kusema katika uzi huu, nalo ni kwamba harufu ya chakula kilichoungua haiondoki kwa kuinukiza nyumba. Huondoka kwa kuosha mahali ilipojishika. Nimelijua hilo baada ya siku nne za kazi ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na nimeona ni vema niandike kwa kirefu kwa sababu ushauri mwingi niliopewa siku ya kwanza, ingawa ulitolewa kwa nia njema, uliirudisha kazi nyuma.

Ilikuwa Jumamosi. Nilibandika maharage kwenye jiko la gesi saa nane mchana, nikapunguza moto, nikashuka kumsaidia jirani aliyekuwa akihamisha vyombo. Maharage yenyewe sikuwa nimeyaloweka usiku, kwa hiyo yalihitaji muda na maji mengi kuliko niliyotia, nami nilikaa huko chini kupita nilivyokusudia. Niliporudi ghorofa ya tatu, moshi ulikuwa umetanda kuanzia darini hadi usawa wa kifua, katika sebule, ukumbi na vyumba vyote viwili. Moto haukuwa umeshika kitu chochote, namshukuru Mungu. Lakini kesho yake jioni mama yangu alitarajiwa kufika kutoka Morogoro kwa ajili ya kliniki ya Jumatano, na mama ana pumu ambayo huamshwa na moshi kabla ya kitu kingine chochote. Nilimpigia simu dada yangu nikamwomba akae naye hadi Jumanne, na tangu dakika ile kazi yangu ikawa moja tu: kuifanya nyumba iwe mahali ambapo mama anaweza kulala bila kukohoa.

Nilizima jiko, nikafunika sufuria kwa mfuniko wake na kuitoa roshani. Hilo lilikuwa sahihi. Sikuimwagia maji ikiwa bado ya moto, maana maji yanapogusa chuma kilichopata joto la namna ile hupanda mara moja kuwa mvuke, na mvuke huo hubeba uvundo na kuusambaza upya. Isitoshe, sufuria nyembamba huweza kupinda. Kama kilichoungua ni mafuta, jambo hilo si la harufu tena bali la usalama: usimwage maji kabisa, zima moto, funika, na uache. Na kwa anayetumia gesi, aangalie kwanza kama moto ulizimwa na chakula kilichofurika huku gesi ikiendelea kutoka. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni, na ile harufu kali inayotiwa ndani yake ili itambulike yaweza kufichwa na harufu ya kuungua. Ukiwa na shaka, usiguse swichi yoyote kabla ya kufunga mtungi na kufungua milango.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwasha kiyoyozi cha sebuleni nikidhani kitavuta moshi kuupeleka nje. Kosa la pili halikuwa langu peke yangu. Jirani yangu, mama mwenye moyo wa kusaidia, alipanda na chetezo chenye makaa na vipande vya udi, akaniambia baada ya nusu saa hakutakuwa na kitu. Tulifukiza vyumba vyote. Kwa saa moja nyumba ilinukia udi, kisha udi ukatulia, na maharage yakarudi yakiwa na udi juu yake. Usiku ule niliweka bakuli za siki kila chumba, nikapulizia manukato ya kopo kwenye mapazia. Asubuhi nilipotoka kununua maziwa na kurudi, nilisimama mlangoni nikanusa vitu vinne kwa pamoja, na kilichokuwa na nguvu kuliko vyote kilikuwa kile kile.

Hapo ndipo nilipoketi na kujiuliza harufu ni kitu gani hasa. Sufuria ikiwa na maji, chakula kilichomo hakiwezi kupita nyuzi 100 za Selsiasi au zaidi kidogo, kwa sababu joto lote la ziada hutumika kugeuza maji kuwa mvuke. Maji yakiisha, kizuizi hicho huondoka na chini ya sufuria hupanda kwa dakika chache. Kuanzia kama nyuzi 140, sukari na protini huanza kuungana na kutoa rangi ya kahawia na harufu nzuri. Huo ndio utamu wa ukoko wa wali, ambao watoto hugombea, na wa mkate unaotoka kwenye tanuri. Ukipita nyuzi 200, mambo hugeuka: chakula hakiivi tena, kinavunjika na kuwa kaa, huku vipande vyake vikiruka na moshi. Maharage ni mabaya zaidi kwa sababu maharage makavu yana protini kama asilimia 20 hadi 25, ilhali mchele una karibu asilimia 7, na protini ndiyo yenye naitrojeni na salfa, ambazo zikiungua hutoa uvundo unaokaribiana na wa nywele zilizoungua.

Moshi basi si hewa iliyobadilika rangi. Ni chembechembe na matone ya kitu kinachofanana na lami nyepesi, nyingi zikiwa ndogo kuliko mikromita 1, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikromita 50 hadi 100. Chembe ndogo kiasi hicho hupita kwenye tundu la kitasa, huingia kabatini, hukaa ndani ya sponji ya kochi. Na si vyote vilivyomo ndani ya moshi vina tabia moja. Ile akrolini inayotoka kwenye mafuta yaliyozidi joto na kuchoma macho huchemka kwenye nyuzi 53 tu, kwa hiyo ni nyepesi na huondoka upesi ukifungua madirisha; ndiyo maana baada ya saa moja mtu hujiona amemaliza. Lakini gwaiakoli, mojawapo ya vitu vinavyofanya moshi unuke moshi, huchemka kwenye nyuzi zaidi ya 200. Yenyewe haina haraka ya kwenda popote. Hutulia ukutani pamoja na wenzake na kuachia kidogo kidogo, siku baada ya siku, na zaidi siku ya joto au ya unyevu, ndiyo sababu mtu aliyeunguza chakula wakati wa kiangazi huisikia tena harufu ile mvua za masika zinapoanza.

Jumapili asubuhi nilianza upya. Nilitoa nje udi, siki na manukato. Nilifunga milango ya vyumba vya kulala na makabati, jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo, kisha nikafungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite moja kwa moja. Madirisha yetu ya kisasa ya aluminiamu, yale ya kuteleza, hufunguka nusu tu, na ile nusu nayo imezibwa na wavu wa mbu. Nyumba za zamani zilizojengwa na matofali ya matundu juu karibu na dari zilikuwa na akili kubwa katika jambo hili, kwa sababu moshi wa moto hupanda na kule juu hukuta njia. Kwa kuwa mimi sina matundu hayo, nilichukua feni ya kusimama, nikaiweka kama mita moja kutoka dirisha la jikoni ikitazama nje, nikaielekeza juu kidogo. Watu wengi huiweka feni ikipuliza kuelekea ndani, na hilo huusukuma moshi vyumbani. Ikipuliza nje, hewa ya ndani hutoka na ya nje hulazimika kuingia kupitia dirisha la upande wa pili, hasa ukitumia upande ule upepo unakotoka. Kwangu upepo wa mchana hutoka baharini, kwa hiyo niliingiza hewa kwa mbele na kuitoa kwa nyuma.

Kisha nguo. Niliteremsha mapazia yote, foronya, shuka, vitambaa vya makochi na taulo za jikoni, hata zile zilizokuwa zimekunjwa. Nilifua kwa sabuni na maji ya moto kiasi nguo zinavyoweza kustahimili, nikasuuza mara ya mwisho kwa maji yenye nusu kikombe cha siki kwa ndoo, nikaanika juani siku nzima. Mapazia mazito ya sebuleni yalihitaji kurudiwa. Makochi na magodoro niliyanyunyizia soda ya kuokea, ule unga mweupe laini wa kwenye kopo dogo, wala si hamira wala poda ya kuumulia iliyochanganywa na asidi. Niliuacha usiku kucha, asubuhi nikaukung'uta kwa brashi na kuuvuta kwa mashine ya kufyonza vumbi niliyoazima. Godoro moja nililisimamisha roshani siku mbili, jua likilipiga upande huu na huu.

Lakini kilichonifungua macho ni ukuta. Jumatatu nilichukua ndoo mbili, moja ya maji ya moto yenye sabuni ya kuoshea vyombo na nyingine ya maji safi, nikafuta ukuta wa jikoni kwa kitambaa cheupe. Maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye kitambaa yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Ukuta wenyewe nilikuwa nikiuona mweupe! Hapo ndipo nilipoiona harufu kwa macho, na nikajua kwamba hakuna udi wala ua duniani ambalo lingeweza kushindana na kitu kile kikiwa kimebaki pale. Nilifuta kuta zote kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu maji machafu yakichuruzika juu ya ukuta mkavu huacha michirizi isiyotoka kwa urahisi, na sehemu iliyokwisha kuloana haishiki michirizi. Nilifuta juu ya makabati, nyuma ya jokofu, migongo ya milango, fremu za picha, vioo, na nyavu za madirishani ambazo zilikuwa zimeshika mafuta kuliko kitu kingine chochote. Rangi ya mafuta huvumilia kusuguliwa. Rangi ya maji ifutwe taratibu, isije ikatoka.

Jumanne mchana nilidhani nimemaliza. Pua, hata hivyo, si shahidi wa kutegemewa kwa mtu aliyekaa ndani, kwa kuwa huzoea harufu ndani ya dakika chache na kuacha kuitaja. Nilimwomba kijana wa duka la chini apande aingie vyumba vyote. Jikoni alisema hakuna kitu. Sebuleni alisimama katikati, akatazama juu, akasema, «Inatoka hapa.» Ilikuwa panga boi. Mapanga yake yalikuwa na utando wa vumbi lililoshiba moshi, na kila nilipoliwasha kupunguza joto lilikuwa likinirudishia Jumamosi yote kichwani. Nililifuta upande wa juu na wa chini, pamoja na vifuniko vya taa.

Mama alifika saa kumi na mbili jioni. Alikaa, akavua viatu, akaniuliza kwa nini nyumba haina mapazia. Hakukohoa usiku ule.

Mchangiaji, Unguja

Mleta uzi, kwanza pole kwa yaliyokufika, na mpe mama salamu zetu. Nimesoma yote, na ninapenda kuutetea udi kidogo, maana umeusema kana kwamba ndio uliokosa. Sisi tuliolelewa na bibi zetu hatukufundishwa kufukiza nyumba chafu. Nyumba ilifagiwa, ikapigwa deki, matandiko yakabadilishwa, madirisha yakaachwa wazi, na chetezo kilikuja mwisho, wakati wa Magharibi, juu ya usafi uliokwisha kukamilika. Nguo nazo hufukizwa zikiwa zimefuliwa na kukauka. Mtu aliyefukiza juu ya uvundo alionekana hajui kazi. Kwa hiyo jirani yako alikuletea kitu chema kwa wakati usiokuwa wake. Nakubali kabisa kwamba kwa mgonjwa wa pumu moshi ni moshi, uwe wa udi au wa maharage, na penye mgonjwa wa namna hiyo chetezo kikae nje.

Naongeza moja kuhusu makaa. Makaa ya moto yasiachwe chumbani madirisha yakiwa yamefungwa, kwa udi wala kwa jambo jingine lolote, kwani hutoa hewa ya sumu isiyokuwa na harufu wala rangi, na watu wamekwisha kufa kwa hilo wakiwa usingizini.

Mchangiaji, Nairobi

Nimeupenda uzi huu ila unamhusu mtu mwenye vyumba. Mimi ninaishi katika chumba kimoja: jiko liko pembeni, kitanda kiko hatua tatu kutoka hapo, na nguo zangu zinaning'inia kwenye kamba juu ya kitanda. Juzi githeri iliungua ikaniacha nikinuka kazini, na mwenzangu mmoja akaniuliza kama nyumba yetu imeungua. Dirisha ni moja, mlango ni mmoja, na vyote viko upande mmoja. Naomba unielekeze nianzie wapi, kwa sababu siwezi kufua kila kitu kwa siku moja, wala sina mahali pa kuanika godoro ila juu ya paa, ambako mwenye nyumba haruhusu kila mara.

Mleta uzi, Dar es Salaam

Dada wa Unguja, nimekubali marekebisho yako bila kubakiza, na nimemsomea jirani yangu maneno yako, amefurahi.

Ndugu wa Nairobi, kwa hali yako mimi ningeanza na nguo za kazini, kwa sababu hizo ndizo unazozibeba kwenda kwa watu, na nguo moja iliyofuliwa haitadumu ikiwa safi endapo itarudi kuning'inia kwenye chumba kile kile. Zifue, uzikaushe nje, kisha uziweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa au sanduku hadi chumba kitakapokuwa tayari. Baada ya hapo osha ukuta ulio nyuma ya jiko na dari iliyo juu yake. Katika chumba kidogo sehemu hiyo hubeba mzigo mkubwa, na ni kazi ya jioni moja. Kwa kuwa dirisha na mlango viko upande mmoja, hewa haitapita yenyewe, kwa hiyo feni ndogo iwekwe dirishani ikitoa nje na mlango ufunguliwe ili hewa iingie. Hata dakika 20 asubuhi na dakika 20 jioni zitafaa. Godoro kama halitoki, livuliwe shuka, linyunyiziwe soda ya kuokea upande mmoja usiku huu na upande wa pili kesho, wewe ukilala juu ya mkeka au blanketi nene katikati.

Kuhusu mkaa, najua utashauriwa kuuweka chumbani. Mkaa wa kawaida una vitundu vidogo ndani yake na hunasa harufu kiasi, lakini nguvu yake ni ndogo sana ukilinganisha na ule ulioandaliwa maalumu kiwandani, ambao gramu moja yake ina eneo la ndani la mamia ya mita za mraba. Vipande vichache vilivyovunjwavunjwa ndani ya sanduku la nguo au jokofu vitasaidia. Kwa chumba kizima ni kudanganyika.

Mpishi wa shughuli, Tanga

Nimepika kwenye harusi na misiba kwa miaka mingi, na sufuria zilizoungua nimezikuta nyingi, kwa hiyo naomba niseme jambo ambalo mleta uzi amelipita haraka. Sufuria isipokamilika kusafishwa, kila utakapoibandika itaanza kunuka upya, na watu wataenda kuosha kuta huku chanzo kikiwa kwenye rafu.

Tazameni kwanza sufuria ni ya chuma gani. Nyingi za majumbani kwetu ni za aluminiamu, na hizo haziwezani na magadi. Magadi, yawe yale ya mawe yanayotoka Ziwa Natron au Ziwa Magadi, ni makali upande wa alikali, nayo hula aluminiamu na kuiacha nyeusi yenye vishimo, ambavyo baadaye hushika chakula zaidi kuliko mwanzo. Aluminiamu inataka uchachu. Tia maji kufunika sehemu iliyoungua, kamulia ndimu tatu au nne pamoja na maganda yake, au tia ukwaju, chemsha robo saa, acha ipoe yenyewe, kisha kwangua kwa mwiko wa mti na kumalizia kwa dodoki. Ikigoma, iloweke kwa maji ya sabuni usiku kucha na urudie. Sufuria nene za chuma kisichoshika kutu ndizo zinazofaa kuchemshiwa magadi kidogo au soda ya kuokea, na huko hufanya kazi nzuri mno. Jivu lina tabia ya magadi pia. Kwa aluminiamu sugua upesi na usuuze, usiliache likalala.

Vikaango vya rangi nyeusi visivyoshika chakula visiachwe motoni vikiwa vitupu. Vikipita kama nyuzi 260 utando wake huanza kuharibika, na joto likizidi hutoa hewa inayodhuru. Mwenye kasuku au ndege wengine ndani ya nyumba awatoe kwanza kabla ya jambo lolote, kwa sababu ndege hufa upesi kwa hewa hiyo kuliko binadamu.

Na chakula chenyewe, kama kimeshika chini tu na hakijawa kaa, usikikoroge. Hapo ndipo wengi hukosea. Epua, hamishia sehemu ya juu kwenye chombo kingine bila kukwangua, na kama ni wali weka juu yake kipande cha mkate mkavu, ufunike kwa dakika kumi. Mkate huvuta sehemu ya harufu. Maharage yakishika hayana dawa ya namna hiyo. Ukiyaonja na kukuta uchungu, yamwage.

Fundi wa viyoyozi, Mombasa

Niongeze kuhusu kile kiyoyozi. Viyoyozi vya ukutani vya majumbani havitoi hewa ya ndani kuipeleka nje na havileti ya nje ndani. Huizungusha hewa ile ile ya chumba juu ya mabomba ya baridi. Ukikiwasha kukiwa na moshi, moshi wote unapita ndani ya mashine, na kwa kuwa mle kuna ubaridi na unyevu, ile lami hutulia kwenye mapezi ya aluminiamu na kwenye gurudumu la feni. Wateja huniita baada ya wiki wakisema mashine inanuka kila inapoanza.

Chujio la mbele mtu anaweza kulitoa mwenyewe, kulilowesha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kulisuuza na kulikausha kivulini. Likirudishwa na harufu ikaendelea, tatizo liko ndani zaidi, kwenye mapezi na gurudumu, na huko panataka fundi mwenye pampu ya maji na dawa yake. Tafadhali msipulizie manukato kwenye mdomo wa kiyoyozi. Hunasa vumbi na kutengeneza utando unaoshika zaidi.

Mchangiaji, Muscat

Kwetu kiangazi joto la nje hupita nyuzi 40, na hakuna anayetaka kufungua dirisha mchana. Samaki waliniungulia jikoni mwezi wa saba, nami nikabaki nimefunga nyumba siku mbili nikitegemea kiyoyozi, jambo ambalo sasa fundi amenieleza kwa nini halikusaidia. Mwishowe nilifungua milango na madirisha yote saa kumi na moja alfajiri kwa dakika 15, feni ya kutolea moshi jikoni ikiwa imewashwa, kabla jua halijapanda, na nikarudia siku tatu mfululizo. Kubadilisha hewa yote kwa mkupuo mmoja kulifaa kuliko kuacha dirisha moja wazi kidogo kutwa nzima.

Nilishauriwa pia kununua mashine ya kutoa ozoni. Niliuliza kwa daktari, akanikataza: ozoni ikifikia kiwango cha kuua harufu huwa imekwisha kufikia kiwango cha kuumiza mapafu. Je, siki ilikusaidia, mleta uzi? Kwangu, kwa samaki, ilisaidia sana.

Mleta uzi, Dar es Salaam

Kwa samaki siki na ndimu husaidia kweli, kwa sababu uvundo wa samaki hutokana kwa sehemu kubwa na vitu vyenye tabia ya alikali, na asidi huvizima. Bibi zetu waliosuuzia mikono kwa ndimu baada ya kuparua samaki hawakuwa wakibahatisha. Moshi wa maharage kwa sehemu kubwa una fenoli, jamii ya ile gwaiakoli niliyoitaja mwanzoni, ambazo zenyewe zina uasidi kidogo, kwa hiyo bakuli la siki mezani haliwezi kuzifanya kitu. Siki iliyonifaa ni ile ya kusuuzia nguo tu. Na tafadhali mtu yeyote anayeosha kuta asichanganye jiki na siki, ndimu au dawa nyingine yoyote ya chooni. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na katika jikoni dogo unaweza kumlaza mtu hospitalini.

Mchangiaji, Dodoma

Naomba kuuliza kwa niaba ya binti yangu aliyeunguza bisi kwenye maikrowevu. Tumefuta ndani mara tatu, bado chakula chochote kinachopashwa humo kinatoka na ladha ya moshi.

Mleta uzi, Dar es Salaam

Chukua bakuli la maji, tia vipande vya ndimu na kijiko cha mti ndani yake ili maji yasifoke ghafla, uyachemshe hadi kioo cha mlango kitoe jasho, kisha uache mlango umefungwa dakika kumi. Mvuke utalainisha kilichoganda. Baada ya hapo toa sahani ya kioo na ile pete yenye magurudumu iliyo chini yake, uzioshe kwa sabuni, na ufute dari ya ndani, kingo za mlango na vitundu vya kupitishia hewa pembeni. Chombo kikiwa kimechomolewa kwenye umeme. Nadhani mmefuta kuta na kuisahau dari na ile pete. Kisha uache mlango wazi usiku kucha, ukiwa na kisahani cha soda ya kuokea ndani. Rudia siku mbili.

Mchangiaji, Nairobi

Nimerudi kutoa taarifa. Ukuta wa nyuma ya jiko ulitoa maji ya kahawia kama ulivyosema, na nikabadilisha maji mara nne. Nguo za kazi ziko ndani ya sanduku. Godoro limebaki na harufu upande wa jikoni tu, nami nimeligeuza upande huo ukae miguuni hadi Jumamosi, ambapo mwenye nyumba ameniruhusu kulipandisha juu ya paa. Na kamba ya nguo nimeihamishia ukuta wa pili, mbali na jiko.